Mzunguko Niliomaliza wa Mwisho

Jumamosi, usiku

Na wala mtoto hakuwa analia. Alikuwa anatafuna muwa, ametulia.

Mashindano ya leo yalikuwa ya kuzunguka: tunatoka Bugene kwa baiskeli, tunapita vijiji vya zamani vya wafua chuma, tunashuka bondeni Kiruruma, tunarudi Bugene. Nilikuwa naongoza wanawake wote. Mlima wa mwisho niliupanda bila kushuka kwenye baiskeli, watu wakinipigia vigelegele kutoka migombani.

Halafu nikamwona Deo, mume wangu, amesimama katikati ya barabara na mwanetu mkononi. Nikafunga breki.

"Mama Koku, shika mtoto. Anakutaka."

"Deo, nipishe! Nakaribia kumaliza."

"Watu wanakuangalia mapaja. Wazazi wangu nitawaambia nini?"

Akanibwagia mtoto mikononi, akapanda bodaboda, akaondoka. Wenzangu niliowaacha mbali wakanipita mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema pole. Afadhali angenyamaza.

Mama mmoja wa pale akanipa kitenge chake. Nikamfunga Koku mgongoni, nikaendelea. Nilipofika Bugene walikuwa wanang'oa bendera. Hakuna aliyeniuliza jina.

Nyumbani nikamkuta Deo anasikiliza redio. Hakuuliza nilifikaje. Aliuliza tutakula nini.

Nikamenya ndizi, nikapika, nikampakulia. Akala, akasifu mchuzi.

Kumpikia ndiko kunakoniuma kuliko... Hapana. Kinachoniuma ni kwamba aliposifu, nilisema asante.