Mfuko wa Msaliti

Kamembe, Jumapili

Nimewashinda wote, mimi fundi cherehani!

Miezi mitatu shemeji yangu Saidi ametuchosha na sehemu ya pili ya mchezo wake wa video, wa vita. Eti haijawahi kuonekana kitu kama hicho! Leo baada ya alasiri nimekaa mbele ya televisheni yake, nijionee. Kusema kweli, wameusifu kupita kiasi. Bunduki ni zilezile za sehemu ya kwanza, na askari anatambaa kwenye matope lakini suruali haichafuki magotini. Vita gani hiyo?

Kuna mahali msaliti amejificha kati ya askari sita, kavaa sare kama yao, na una risasi moja tu. Saidi na rafiki zake wamekwama hapo wiki nzima. Nikaomba manette, kile kidude cha kuchezea, nijaribu mimi.

"Maman Asha, rudia ku mashine yako ya kushona," Saidi akasema. "Hii ni vita, haiko kanzu."

Niliwatazama wale askari vifuani mmoja mmoja, kama wateja wangu. Watano, kifuniko cha mfuko kimeshonwa mistari miwili. Wa sita, mstari mmoja.

Nikapiga. Msaliti akaanguka. Rafiki zake wakasimama wote.

"Umemujua namna gani?" Saidi akauliza.

"Nimeangalia mushono."

Mchezo wenyewe ni wa kawaida. Lakini aliyechora mifuko ile ni fundi, na naona alikuwa ananisubiri mimi.