Upande Aliolala Josie

Jumanne, 10 Januari 2017

Wamemchukua Josie. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kuipamba habari yenyewe.

Saa moja kasoro robo asubuhi nilimvalisha koti, kofia na glavu, moja nyekundu na moja ya bluu maana za pili hazionekani. Tukavuka Mtaa wa Mstari, huku Indiana, kule Ohio, kama kila siku, ili alisubiri basi la shule mlangoni kwa mama yake. Theluji ilikuwa imejaa. Gari la theluji la Ohio husukuma mpaka katikati ya barabara, la Indiana husukuma mpaka katikati, na tuta linalobaki hakuna anayeligusa. Nilimbeba mjukuu wangu nikamvusha lile tuta kwa mikono yangu mwenyewe. Na gari la polisi nililiona. Nililiona! Nikadhani wamemfuata yule wa ghorofani anayepigana na mkewe. Nikamwambia Josie tufanye haraka, basi lisituache.

Tonya alikuwa ameshawekwa kiti cha nyuma, mikono imefungwa. Binti yangu, ana soksi tu miguuni kwenye baridi ile. Vidonge vya kulevya, wamesema, na vitu vibaya kuliko vidonge. Polisi akamtazama Josie, akauliza huyu ni mtoto wa nani. Nikasema wa huyo mliyemfunga. Akauliza kama anaishi hapa. Basi la shule ndiyo kwanza linakata kona, dereva anatutazama — na mimi nikasema ndiyo. Anaishi hapa.

Nilisema ndiyo. Na si kweli. Tangu Juni Josie analala kwangu.

Baadaye akaja mwanamke wa ofisi ya watoto ya Ohio, Bi. Whitacre. Naye mwenyewe ni kijana tu, ana mafua. Nikamwambia mimi ndiye bibi yake, nyumba yangu ile pale, niachie Josie nimpe uji wa moto. Akatazama nilikoonyesha. Akasema kwa upole kabisa kwamba kule ni Indiana, na mtoto aliyeshikwa Ohio hawezi kuvuka bila karatasi ya majimbo yote mawili. Ni hatua thelathini. Nimezihesabu wakati wa kurudi, peke yangu.

Verlin ametoka nje. Mume wangu akiumia huchukua koleo. Ameondoa theluji ya majirani watatu ambao hawakumwomba.


Alhamisi, 12 Januari

Yuko kaskazini, mwendo wa saa mbili, kwa watu wasiomjua. Wana mbwa. Josie anaogopa mbwa tangu ana miaka mitatu! Nimepiga simu kumweleza Bi. Whitacre. Amesema ataandika.

Miaka sitini na nne nimeishi mji huu na ule mstari sijawahi kuuhesabu kuwa kitu. Bia ya Jumapili tunaifuata Ohio maana huku haiuzwi siku hiyo, fataki tunanunua huku. Mameya ni wawili, na wote wanakuja mgahawani kwa Dot kula nyama ninayoikaanga mimi, wamepeana migongo. Wafu wa pande zote tunawazika Ohio kwa sababu huku ukichimba unakuta maji. Hakuna maiti aliyewahi kuombwa karatasi.


Jumatatu, 16 Januari

Tumepata wakili wa bure, Bwana Dunning, ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Alikuwa anakula mkate wake huku ananisikiliza. Nikamwona kama asiyejali.

Amesema ile karatasi ya majimbo mawili huchukua miezi mitano, sita, pengine mwaka. Mwaka! Josie ana miaka saba. Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akauliza mtoto alikuwa analala wapi.

Nikamwambia kwetu. Tangu mwezi wa sita, kila usiku isipokuwa mmoja. Akaweka mkate chini. Akanieleza mara mbili mpaka nikaelewa. Mtoto akiwa ameishi Indiana miezi sita, kesi yake ni ya hakimu wa Indiana, Ohio waamue wasiamue. Na hakimu wa huku anaweza kunikabidhi mjukuu wangu ndani ya wiki moja. Kinachotakiwa ni kuthibitisha alikolala. Kikao ni tarehe saba Februari.

Nilitoka kitini nikitaka kumkumbatia. Halafu nikaukumbuka mwezi wa nane.

Ikabidi nimweleze. Shule ya Josie ni ya Ohio, ndiyo yenye mwalimu wa muziki, na ili asome kule lazima awe analala kule. Kila Agosti kuna fomu. Mwaka jana Tonya hakuamka siku ya kuandikisha, nikaenda mimi. Nikainua mkono nikaapa mbele ya karani kwamba mtoto analala kwa mama yake. Nikatia sahihi. Siku hiyohiyo nikamrudisha kwangu akaoga.

Bwana Dunning akafuta mdomo. Akasema, "Bi. Arlene, Agosti uliapa analala kule. Februari utaapa alilala huku. Hakimu atakuuliza swali moja tu: ulidanganya lini?"

Nikamwambia Agosti.

"Basi sema hivyohivyo, usiongeze kitu."


Jumatano, 18 Januari

Verlin anasema nikaseme. Kwake yeye ni jambo rahisi, kinywa si chake.

Mimi naona aibu. Nimefundisha watoto kanisani miaka ishirini. Lakini ile sikuiona kuwa uongo, nasema kweli. Nani hafanyi? Upande wetu huu wote, nusu ya watoto wana anwani ng'ambo. Nyumba ya Bi. Oakley kule Ohio, mjane wa watu anayeishi na paka, kwenye makaratasi ina watoto kumi na mmoja. Tumecheka sana kuhusu nyumba hiyo. Tulikuwa tunamuuliza anawalisha nini.


Jumamosi, 21 Januari

Rhonda kaja na bakuli la kuku na tambi. Jirani yangu wa nyumba ya pili, miaka thelathini. Nilipoliona bakuli nikajua si salamu.

Wakili kamwandikia. Anataka aje aseme mahakamani kwamba alikuwa anamwona Josie kwangu kila jioni na kila asubuhi. Na alikuwa anamwona! Dirisha lake linatazama bafu letu. Alikuwa anamgongea kioo akisahau kupiga mswaki.

Alikaa na koti lake. Akazungumza kuhusu baridi, kuhusu mguu wake. Nikamwambia sema, Rhonda.

"Wakianza na wewe watafika kwangu," akasema. "Nikisimama pale niseme Josie alilala kwako, wataniuliza wajukuu zangu mimi wanalala wapi."

Wajukuu zake wawili, nao wameandikwa kwa Bi. Oakley. Mkubwa, Garrett, ndiye anayeibeba timu ya kikapu ya Ohio mwaka huu. Watu wa chuo wameshakuja kumwangalia mara mbili. Ikijulikana analala Indiana, anatolewa, na michezo yote waliyoshinda inafutwa. Mji mzima una bendera za timu ile madirishani, pande zote. Mimi mwenyewe ninayo.

Nikamuuliza ungekuwa mimi ungefanya nini. Akaanza kulia.

"Ningekwenda kusema. Ndiyo maana nimekuja kukuomba usiende."

Akaondoka akaacha bakuli. Nimekula tambi zikiwa zimepoa, nimesimama jikoni. Zilikuwa tamu na nimeudhika kwamba zilikuwa tamu.


Jumanne, 24 Januari

Mgahawani habari za kesi zimeshafika. Kocha wa ile timu kasukuma sahani niliyompikia bila kuigusa. Dot kanivuta pembeni, kaniambia si yeye, ni wateja, labda nipumzike mpaka mambo yapite. Miaka ishirini na miwili napika pale. Nimevua aproni nikaikunja vizuri.

Mtoto akichukuliwa, mji huu huleta chakula. Nilidhani utaleta na kitu kingine.


Jumapili, 29 Januari

Nimekwenda kumwona Tonya mahabusu badala ya kwenda kanisani. Kioo katikati, simu ya waya. Kakonda. Kauliza kwanza kama Josie anakula, na nilitaka kumwambia hana haki ya kuuliza. Nilimwambia anakula.

Kasema atasema kweli mbele ya hakimu, kwamba mtoto alikuwa wetu tangu Juni. Nikamjibu wakili haoni kama neno lake litabeba chochote. Akaitikia kwa kichwa, akasema anajua. Ana miaka thelathini na moja. Nilitaka kumfunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe kule havina kamba.

Nimemchukia njia nzima ya kurudi, na nimefika nyumbani nimempigia pasi blauzi ya mahakamani.


Ijumaa, 3 Februari

Wakili anataka karatasi. Kitu chochote chenye jina la Josie na anwani yetu.

Siku mbili tumepekua nyumba. Chanjo: Ohio. Daktari wa meno: Ohio. Kadi ya maktaba, maktaba ambayo ni moja ya pande zote mbili: Ohio. Mwaliko wa sherehe ya rafiki yake: kwa Tonya. Kila mahali nimeandika mimi, mwandiko wangu, safi, bila kosa hata moja. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule.

Verlin kapiga picha kitanda, mswaki, sare ya muziki kwenye msumari. Bwana Dunning kazitazama, kasema picha haisemi nani alilala. Verlin kakasirika, kasema na fomu nayo haikuwapo usiku mtoto akilala. Ni mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti tangu wamchukue. Nilifurahi kidogo.

Nimeamua. Nitasema nilidanganya Agosti. Nitasema jina langu tu, sitamtaja Bi. Oakley wala mtu mwingine. Wakitafuta, watafute wenyewe. Nilimwambia Rhonda kwenye ua, nguo zikiwa zimegandia kwenye kamba. Alinisaidia kuzing'oa.

Wakili anasema neno langu pekee ni jepesi. Lakini hakimu amemteua mtu wa kwenda kuzungumza na Josie mwenyewe. Mtoto wa miaka saba akiulizwa unalala wapi, anasema anakolala. Bwana Dunning anaweka tumaini lake lote pale. Na mimi. Nimelala vizuri mchana huu kwa mara ya kwanza.


Jumatatu, 6 Februari

Kesho saa tatu.

Leo tumeruhusiwa kumpigia Josie simu, dakika ishirini, Bi. Sauder anayemlea akiwa anasikiliza. Wakili kanionya asubuhi, na mchana kanionya tena. Nisiseme neno kuhusu kesi. Nisimuulize alikolala, nisimwambie aseme nini. Nikifanya hivyo nimemfundisha mtoto maneno, na imekwisha. Nikamwahidi.

Sauti yake! Kumbe nilikuwa nimeisahau ilivyo nyembamba. Mbwa anaitwa Waffle na halumi. Jino la mbele limeng'oka. Anakula kila kitu isipokuwa maharage. Verlin alikuwa ameegemeza sikio kwenye simu, kichwa chake kimenigusa, tukicheka wote wawili.

Halafu Josie akasema kuna mama amekuja na daftari, ametumwa na hakimu. Ameuliza maswali ya kumhusu yeye tu, siyo ya Mama.

"Ameniuliza nalala wapi, Bibi. Ameniuliza mara tatu! Na mara zote sikukosea. Nimesema kwa Mama, namba mia mbili kumi na nane, Ohio. Kama ulivyonifundisha."

Verlin akakaa chini.

Nilimfundisha, ndiyo. Mwezi wa nane, meza ya jikoni, wiki nzima. Mtu yeyote wa shule akikuuliza. Mtu yeyote mwenye kalamu akikuuliza. Nilikuwa nampa zabibu moja kila akipatia, na akipatia tunapiga makofi. Sikumwambia lini aache.

Akauliza, "Nimefanya vizuri?"

Nikasema amefanya vizuri. Ningesema nini? Kila neno lingine lilikuwa limekatazwa.

Akashusha pumzi. Akasema basi kwa kuwa amejibu sawasawa, sasa wamrudishe, maana kitanda cha huku kinapiga kelele na yeye anataka kulala kwenye kitanda chake, kile cha karibu na chumba cha Babu.

Nikamsikia Bi. Sauder upande wa pili. Mwanamke huyu simjui, sijawahi kumwona, na sitaki kumsema vibaya. Sasa akamuuliza taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu: "Josie, mpenzi, kitanda chako kiko wapi?"

"Bibi," akasema, "niseme?"

Verlin alikuwa ananitazama kutoka chini. Alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, mwambie. Bi. Sauder naye alikuwa anasubiri, nilisikia pumzi yake. Neno lenyewe lilikuwa moja. Nilikuwa nalo hapa ulimini.

Nikanyamaza, kama nilivyoahidi.

Josie akangoja kidogo. Kisha akamjibu Bi. Sauder kwamba ni kwa Mama, polepole, kwa ile sauti yake ya meza ya jikoni, bila kukosea hata tarakimu moja.