Unga wa Muhogo kwenye Injini

Kyebando, Kampala

Kaka Hamisi, shikamoo.

Habari za Kigoma? Goti la Mama limepungua kuvimba? Mimi huku ni mzima, na hasira zangu pia ni nzima, ndiyo maana naandika.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Umesema injini inayovuja mafuta si kazi ya mwanamke, nimwuzie fundi pikipiki, nirudi nyumbani. Kaka, pikipiki hiyo niliinunua kwa miaka minne ya kuuza nyanya sokoni Nakawa. Ndiyo inayofikisha mzigo kwa wateja wangu wa Ntinda. Nikiiuza, nimeuza kazi. Na fundi aliyesema lazima injini ipasuliwe ndiye huyo huyo anayetaka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Sijawa mjinga kiasi hicho.

Jumapili niliiosha injini uani kwa mafuta ya taa na sabuni, nikaikausha, nikainyunyizia unga wa muhogo kila upande, nikaiwasha. Panapovuja, unga utalowa. Mwenye nyumba, mwanajeshi mstaafu wa kutoka kaskazini, akatoka mbio.

"Wewe mama! Hii unga unaweka kwa piki ni ya nini? Mimi hapana taka uchawi kwa nyumba yangu!"

"Si uchawi, Afande. Natafuta mahali inavuja."

"Kwa unga ya kula?"

"Njoo uone mwenyewe."

Akainama. Unga wote ulikuwa mweupe, isipokuwa duara moja jeusi pale mhimili wa gia unapotokeza. Kumbe ni sili tu, kipete cha mpira! Injini nzima ipasuliwe kwa ajili ya kipete! Nikaing'oa ile mbovu, nikaenda kununua mpya.

Sikufichi, sili mpya ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliisukuma kwa pupa, meno ya mhimili yakaichana. Nikakaa chini nikalia, na sauti yako masikioni: rudi nyumbani. Nikajifuta, nikanunua nyingine. Safari hii niliyafunika yale meno kwa kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, nikapaka grisi, ikateleza ikakaa. Afande alinishikia pikipiki ikiwa imelala upande.

Leo ni siku ya sita nabeba nyanya, na chini ya injini pakavu. Jana yule fundi alinisimamisha akauliza nani ameitengeneza. Nilimtajia jina langu mara mbili, asije akasema hakusikia.

Kwa hiyo siuzi. Nitakuja kumwona Mama, nikishamwona narudi kwangu Kampala.

Nisalimie Mama, na shangazi yetu wa Ujiji. Wifi yangu msalimie kwa namna ya pekee. Mwambie ile cherehani yake iliyokwama, uliyomwambia asiiguse mpaka apatikane fundi mwanamume, aifungue leo. Akikwama, anipigie mimi.

Mdogo wako,
Zuhura