Unyevu Katika Kioo cha Dashibodi

Mpwa wangu Ibanri,

Usiwashe gari. Kioo kinachoonyesha mwendo na mafuta kimejaa ukungu kwa ndani, na umeme ukikutana na maji utaunguza nyaya. Toa mazulia yote, uyakaushe jikoni karibu na makaa. Mvua ikikatika, kama itakatika leo hapa Sohra, fungua milango upepo upite.

Haya nilikueleza asubuhi. Ukacheka: "Mjomba naye! Ngoja kwanza nimuulize Banshan." Mumeo huyo, mwenye miezi mitano tu katika nyumba hii ya mama yako, akasema, "Hicho kimekufa, tununue kingine," nawe ukaitikia kama uliyesomewa Zaburi. Tangu lini katika ukoo wetu mume huulizwa kabla ya kaka wa mama?

Maji yametoka kwenye knup ya mumeo, ile ngao ya mvua ya mianzi, anayoitupa kwenye kiti cha nyuma ingali inachuruzika. ~~Asipande tena gari hilo.~~ Aitundike barazani.

Nimekwenda kanisani kwa miguu. Namba za kioo zikionekana tena, usimwambie yeye kwanza. Niambie mimi.

Mjomba wako