Kasoro Niliyoiweka Hadi Ijumaa

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada, na naomba upesi, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye choo cha ofisini, simu mkononi, na kuna mtu ameshagonga mara mbili. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimeolewa kwa watu wazuri, na kazi yangu ni kujaribu programu za simu kabla hazijawafikia wateja, yaani nabonyeza kila kitu hadi kiharibike, kisha naeleza kimeharibikaje ili aliyekitengeneza akakirekebishe. Sasa aliyekitengeneza, mshauri wangu, ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunaishi ua mmoja, na ndiye aliyepeleka barua yangu ya maombi pale kazini, kwa hiyo usinione sina shukrani.

Mambo yalianza vizuri, ila wiki yangu ya tatu nilimwambia mkutanoni kwamba ukurasa wake wa kujisajili unaganda, akanijibu mbele za watu bila hata kuinua kichwa, "Kwangu inafanya kazi," nami nikatoa simu yangu, nikabonyeza mara mbili, programu ikazima palepale, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, meneja akapiga makofi, na tangu siku hiyo akatundika ubao ukutani, kila Ijumaa mjaribu anayetangaza kasoro mkutanoni anabandikiwa nyota ya karatasi. Mimi ni mtu mzima, nina mtoto anayerudi na nyota kama hizo kutoka shuleni, lakini sikufichi, nyota zile ni tamu. Basi nikaanza kuziweka kasoro, nikiiona Jumatatu simwambii, naiandika kwenye kijitabu changu nakaa kimya hadi Ijumaa ili nikaitangaze watu wakiwa wamejaa, na naye alipoushtukia mchezo wangu akaanzisha wa kwake, kazi anayoimaliza Jumanne ananiletea Alhamisi saa kumi na moja kasorobo jioni, mkoba wangu ushaning'inia begani, ili nisipate muda wa kuibonyeza. Nikimwandikia "haifanyi kazi" ananirudishia "kwangu inafanya." Nyumbani tunakula meza moja na hatusemeshani, anamgeukia binti yangu wa miaka sita, "Mwambie mama anisogezee chumvi," na binti anaifikisha salamu, na siku hizi ameanza kudai pipi kwa kila ujumbe.

Sasa sikia kilichonikaa kooni. Tunatengeneza programu ya kliniki ya meno, mgonjwa anajiandikia miadi mwenyewe kwa simu badala ya kwenda kupanga foleni, na Jumatatu ijayo inafunguliwa kwa watu wote. Jumatano ya wiki iliyopita niligundua kwamba mgonjwa akisogeza miadi yake kwenda siku nyingine, simu inamwambia vizuri tu kwamba amesogezwa, lakini orodha ya daktari haibadiliki, inabaki na siku ya zamani, kwa hiyo mtu atafika shavu limevimba aambiwe hayumo. Ni kasoro kubwa, hiyo ni ya nyota tatu kwa mpigo, nikainyamazia. Ijumaa ikafika, meneja yuko safarini, mkutano ukaahirishwa, nikajisemea haina neno, itakaa hadi Ijumaa ya wiki hii, kumbe Ijumaa hii daktari mwenyewe wa meno anakuja kuiona kazi, na meneja ameshamwambia shemeji kwamba akimwaibisha tena mbele ya mgeni atamwondoa kwenye kazi hii ampe mtu mwingine. Na shemeji nyumbani hana habari, anajisifu kwa mama yake mpaka raha, amemwekea programu kwenye simu awe mgonjwa wa kwanza, maana jino la nyuma linamsumbua tangu mwezi jana, alikuwa aende Jumatatu lakini anapata wageni, akajisogeza mwenyewe hadi Jumatano kwa kidole chake, na sote tukampigia makofi kwa kuweza.

Nikimwambia shemeji sasa, ataniuliza niliiona lini. Nikingoja Ijumaa nikaitangaza mbele ya daktari, nimemmaliza. Nikinyamaza moja kwa moja, wagonjwa wataumia. Mume wangu nikimgusia anasema, "Ya ofisini mmalizane hukohuko." Nifanyeje, mshauri? Wanagonga tena.

Ni mimi,
Mwenye Nyota Kumi na Moja

*

Mwenye Nyota,

Kwanza toka chooni, wenzako nao wana shida zao.

Barua yako nimeipitisha mbele ya tatu za talaka na moja ya jirani anayeibiwa maji, kwa sababu hao wanaweza kungoja wiki moja, na leo ni Alhamisi, mkutano wenu ni kesho. Nimecheka, sitakudanganya. Hapo kwa binti na pipi zake ilibidi niweke kikombe chini. Kisha nikaisoma mara ya pili, na kicheko kikanikauka.

Hebu na wewe irudie, wewe unayelipwa kuona yaliyojificha. Umeniandikia kwamba anayesogeza miadi yake hayumo kwenye orodha ya daktari. Mistari michache baadaye, bila hata kupumua, umeniandikia kwamba mama mkwe wako amejisogeza kutoka Jumatatu hadi Jumatano. Mkampigia makofi! Mwanangu, mama wa watu atavaa vizuri, atalibeba jino lake hadi mapokezi, ataambiwa hayumo, na aliyejua kwamba hayumo alikula naye chakula cha jioni jana. Hukuliona hilo kwa sababu macho yako yamebaki kwenye ule ubao.

Sikulaumu kwa kupenda kusifiwa. Siku nzima unatafuta makosa ya wengine, na sidhani kama kuna anayekatiza ofisi kuja kukwambia asante. Meneja wenu naye, kwa nia njema kabisa, amewapigisha mieleka watu wawili walioajiriwa kufanya kazi moja. Lakini ubao haukukuziba mdomo. Ulijiziba mwenyewe, siku nane sasa, na kwa hilo nakulaumu.

Unadhani mimi sina mjaribu wangu? Hapa gazetini kuna mzee msahihishaji, anasoma kila ninachoandika kabla hakijachapwa, mkali kidogo na hapendi kelele. Mwaka juzi nilichanganya barua mbili, nikamshauri dada mmoja arudiane na mwanamume ambaye kumbe ni kaka yake wa kuzaliwa. Mzee alikuja mbio, karatasi mkononi, akainama mezani kwangu akaninong'oneza, "Mama, hapa umemwoza mtu kwa kaka yake." Nilitamani ardhi inimeze. Tukarekebisha kwa dakika mbili, tukacheka mpaka machozi, gazeti likatoka safi. Sasa mfikirie angelikalia kosa lile ili akalitangaze kwenye kikao cha wahariri. Angepigiwa makofi, ndiyo, nami leo ningekuwa nauza vitumbua. Tangu siku ile nikimaliza kuandika simngojei anitafute, namfuata mimi.

Na shemeji yako asijifiche nyuma ya barua hii, najua utampa aisome. Wewe baba, kazi uliyoimaliza Jumanne unaipeleka Alhamisi jioni kwa sababu gani? Unamkomoa nani? Na hilo jibu lako la "kwangu inafanya kazi" liache leo. Wagonjwa hawatapanga foleni kwenye simu yako. Mwenzako akikwambia imeharibika, inuka ukaione ilipoharibikia. Naye asikuandikie tena "haifanyi kazi" kama anayemlalamikia fundi bomba. Aseme alikuwa na simu gani, alibonyeza nini kwanza, nini baadaye, na alitegemea kuona nini.

Sasa, Mwenye Nyota, ukifika mwisho wa ukurasa huu, simama. Usimtumie ujumbe, na usimtume binti. Chukua kiti chako, kiburute hadi kwenye meza yake, watu watazame wakitaka, ukae. Mwambie hivi: "Shemeji, kuna kasoro niliiona Jumatano ya wiki jana nikaificha nipate nyota. Nimekukosea. Hii hapa, tuitazame wote." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, usijitetee wala usimkumbushe ya chumvi. Akishapoa, toa simu yako, mwoneshe kidole kwa kidole jinsi mtu anavyosogeza miadi na orodha isivyobadilika. Kiti kisitoke hapo mpaka kasoro iishe na uwe umejaribu tena kwa simu tatu tofauti. Kisha mkahakikishe wote wawili kwamba mama yenu yumo kwenye orodha ya Jumatano.

Kijitabu chako mkabidhi. Chote, na zile ndogondogo. Kuanzia wiki ijayo akimaliza kipande, hata kiwe kidogo, akuletee asubuhi ileile, na ukiona kasoro umfuate kabla hujaketi. Meneja mwendeeni pamoja, mmwombe aushushe ubao, au kama anazipenda sana nyota zake azibandike kwa kasoro zilizokwisha kabla ya mkutano, jina lako na la shemeji kwenye nyota moja. Akikataa, mwambie mshauri wa gazeti kasema, na namba yangu ya ofisi anaweza kuipata.

Kesho utatamani sana kusema, nakujua. Daktari atazunguka na programu yenu mkononi, atasogeza miadi, itasogea, na atauliza ni nani aliyeangalia kazi kwa makini namna ile. Hapo funga mdomo, mwache shemeji yako ajibu. Nadhani atakutaja. Na asipokutaja, wagonjwa watakuwa wote kwenye orodha, na hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.