Mafuta ya Breki Kwenye Injini ya Boti

Jumanne, jioni. Jua la Ishiara limechoma kutwa nzima, na mimi bado ninachemka.

Nimemkasirikia mtu ambaye sina ruhusa ya kumkasirikia: baba yake Wanja, mke wangu. Kwetu Meru, na hapa Mbeere pia, baba mkwe hakosolewi. Unamsalimia, unampisha, unanyamaza. Basi wacha niseme hapa, maana yeye hasomi mambo ya simu.

Mzee ana boti inayovusha watu bwawani. Wanja anafundisha shule ya ng'ambo ya bwawa, kwa hivyo kila asubuhi anapanda hiyo boti. Hajui kuogelea. Kiangazi hiki maji yameshuka, na visiki vya miti iliyofunikwa zamani vimekaribia juu. Ukifika karibu na ukingo lazima injini iinuliwe, propela inayosukuma boti isigonge. Kazi hiyo ya kuinua na kushikilia inafanywa na jeki ya mafuta iliyofungwa nyuma ya boti.

Wiki iliyopita injini ilijishukia yenyewe katikati ya visiki. Boti ikazunguka, maji yakaingia. Wanja alirudi amelowa mpaka kifuani, na neno lake la kwanza lilikuwa nisimseme baba yake.

Nisimseme.

Nikafuata mila, nikatuma mtu akamwombe asimamishe boti kwanza. Mjomba wake Wanja alienda, akala nyama, akarudi akimsifu mzee kwa ukarimu. Boti haikusimama.

Leo nimeenda mwenyewe. Mimi ni fundi wa pikipiki na matrekta, lakini jeki ni jeki. Nilipangusa kila kitu kikakauka, nikainua injini mpaka mwisho, nikanyunyiza poda ya mtoto kwenye paipu na maungio yote, kisha nikakaa nikitazama. Paipu zilibaki nyeupe. Poda ikalowa pale fimbo ya jeki inapoingia kwenye silinda, na injini ikaanza kuinama polepole mbele ya macho yangu. Kwa hivyo ni sili, zile raba zinazozuia mafuta yasitoke. Nilipoigusa moja kwa ukucha, ilikuwa imevimba na kulainika kama maharagwe yaliyolowekwa.

Nikachovya kidole kwenye tangi la jeki, nikanusa. Mafuta ya breki.

Mzee alikuwa amesimama hapo anatabasamu. "Hayo mimi huyaongeza kila Jumapili nikitoka kanisani," akasema. "Lori langu la ndizi pale Mitunguu halikuwahi kunisumbua nikiweka hayo."

Lori, jamani! Raba za jeki hii zinaharibiwa na hayo hayo mafuta. Anaongeza kwa sababu inavuja, na inavuja kwa sababu anaongeza, na mke wangu amekaa katikati ya huo ujinga na begi la vitabu.

Nimeandika ujinga. Sifuti.

Nikamwambia kwa adabu zote, "Baba, hii leo isiende." Akanipiga bega na kusema fundi ana wasiwasi mwingi. Abiria walikuwa wameshafika, akina mama na kuku wao. Akatoa kamba ya katani, akawaambia wapande, wakifika kwenye visiki injini itavutwa juu kwa mkono.

Kamba!

Nilichukua spana, nikafungua nati, nikatoa propela, nikaitia kwenye gunia na kupanda pikipiki yangu. Nyuma nilimsikia mama mmoja akiuliza, "Kwani huyu mkwe ana wazimu?"

Labda. Wanja anasema nimemvunjia baba yake heshima mbele ya watu, na ni kweli, nimemvunjia. Mzee naye ametuma habari kwamba kesho anakuja na wazee. Waje. Nitawapa viti vizuri na chai ya maziwa, nikiulizwa nitainamisha kichwa, wakitaka mbuzi nitatoa. Propela hawapati mpaka nifunge sili mpya na kumwaga yale mafuta yote.

Sasa hivi Wanja ananipita hapa sebuleni kama vile mimi ni stuli. Sawa. Na mke aliyenuna nitaishi. Bila Wanja sijui ningeishi vipi.