Mama Alirudi Kinyumenyume

Gereji,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Dada,

Kabla sijasema lolote, u hali gani? Shemeji je, kile kikohozi kimemwachia? Na wapwa zangu, yule mrefu bado anarefuka au amefika mwisho? Huku sisi ni wazima, na neno hilo wazima nakuomba ulisome mara mbili, maana wiki hii limekuwa na uzito wake. Mama mzima, mimi mzima, hata gari zima. Sasa kaa kitako usome.

Najua ukiona barua badala ya simu unaanza kushika kifua. Tulia. Mama ndiye aliyeniagiza niandike. Anasema kwenye simu mimi naongea sana na wewe unafoka sana, kwa hiyo habari haifiki. Karatasi haifokewi.

Kwanza kazi. Sijisifu, nasema tu yaliyopo: gereji yangu sasa ina jina. Wenye magari ya kizamani, yale ya mbio ya viti viwili yasiyo na paa, hawaendi kwingine. Mtu analeta gari lenye rimu za bati zilizochoka, analiondoa na rimu za spoku zinazong'aa kama meno ya bwana harusi. Spoku, vile vijiti vyembamba vya chuma, nazigonga kwa bisibisi moja moja huku nimetega sikio, na iliyolegea hainifichi, inalia kama mgonjwa. Labda ng'ambo yuko fundi mwingine wa namna yangu, lakini hajanitafuta.

Mmoja wa wateja hao ni Mzee Futi, yule mpima ardhi mstaafu. Ndiyo, huyo huyo uliyesema juu yake kwenye simu kwamba mwanamke mwenye wajukuu hana haja ya rafiki mwenye gari lisilo na paa. Tunamwita Futi kwa sababu hata mkate anaupima kwa macho kabla ya kuukata. Alasiri anakuja kwa Mama, anakaa kiti cha karibu na mlango, anakunywa chai, anasema maneno yake machache kuhusu udongo, anaaga. Na Mama siku hizi anabadilisha nguo baada ya chakula cha mchana. Nimeona kwa macho yangu.

Basi akaniletea gari nimfungie rimu za spoku, kwa sababu alitaka kumpeleka Mama matembezi hadi bwawani. Hakusema zaidi, nami sikumchokonoa. Lakini mwanamume hahangaiki na rimu kwa ajili ya kwenda kutazama maji.

Sasa hapa nifuate vizuri. Rimu ya spoku haifungwi kwa nati nyingi kama rimu ya kawaida. Inavishwa kwenye habu yenye meno, yaani kile kitovu kilicho kwenye gari, halafu inashikwa katikati na nati moja kubwa yenye masikio mawili. Kuikaza, unapiga sikio la juu kwa nyundo ya shaba kuelekea nyuma ya gari. Upande wa kulia kuelekea nyuma, upande wa kushoto kuelekea nyuma. Ndiyo maana habu za kulia na za kushoto hazifanani nyuzi, ile mizunguko ya kufungia nati. Waliobuni jambo hilo walikuwa na akili karibu na zangu: gari likienda mbele, nati inazidi kujikaza yenyewe.

Nikafunga, nikafuta, nikapiga mluzi. Wakaondoka. Mama na kilemba chake cha kijani, mkoba mapajani, ananipungia mkono kama waziri. Mimi nimebaki mlangoni na nyundo mkononi. Jirani yangu fundi wa viti, tunayemwita Sponji, akaja akasimama kando yangu.

"Gurudumu zima linashikwa na nati moja tu?" akasema. "Na haichomoki?"

Dada, unanijua. Nikiulizwa kuhusu kazi yangu siwezi kujibu kwa kifupi. Nikamkalisha. Nikamweleza habari ya nyuzi, nikamweleza habari ya kujikaza, nikainua nyundo nimwonyeshe jinsi nilivyopiga zile nati: hivi, na hivi, na hivi. Nikauona mkono wangu. Kichwa kilikuwa kinasema nyuma, lakini mkono ulikuwa unakumbuka ulichofanya, na ulikuwa unapiga kuelekea mbele.

Nikarudia hewani. Mbele.

"Mbona unapiga hewa?" Sponji akauliza. "Unaumwa?"

Wakati wa kufunga habu nilikuwa nimesimama mbele ya gari, nimelitazama uso kwa uso. Boksi la habu za kulia nililiweka upande wa mkono wangu wa kulia, boksi la kushoto upande wa kushoto. Na mtu ukitazamana na gari, kulia kwako ndiko kushoto kwake. Jambo la mtoto wa chekechea. Habu zote nne zilikuwa upande usio wake, na nati zote nne zilikuwa zinajifungua zenyewe njia nzima, na juu yazo amekaa mama yetu.

Sponji akawasha pikapu yake, nyuma ina kochi la mteja, hatukuwa na muda wa kulishusha. Nikapiga simu. Mama hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Njiani nilikuwa natazama mitaroni, Dada, natafuta kitambaa cha kijani. Nakuomba usiniulize zaidi kuhusu kipande hicho cha barabara.

Mwishowe akapokea.

"Wewe una nini? Watu tunaongea."

"Mama, mwambie mzee asimame. Taratibu, pembeni."

"Umesahau nini safari hii?"

"Nimekosea, Mama. Magurudumu yatachomoka."

Nikamsikia akimwambia mwenzake, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani, "Simamisha, mzee. Kijana anasema tunakaribia kufa."

Mzee Futi akashuka, akalizunguka gari. Nati ya nyuma kulia aliizungusha kwa vidole tu. Kwa vidole, Dada. Akachukua simu, hatukani, hapumui kwa nguvu.

"Zinalegea likienda mbele?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Kaeni hapo hapo, nakuja na nyundo."

"Haya," akasema, akakata.

Lakini Mama si mtu wa kukaa kando ya barabara atazamwe na wapita njia, na Mzee Futi ni mtu wa hesabu. Ikiwa likienda mbele zinalegea, basi likirudi nyuma zinajikaza. Akaokota jiwe, akalifunga kwa kofia yake, akagonga nati zote nne, akatia rivasi. Tulipokata kona ya pili tukaliona gari linatujia makalio kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Mama amepiga magoti juu ya kiti, ameelekea nyuma, kilemba kimehamia sikioni, anaamuru: "Kushoto. Kushoto kidogo. Hapo hapo, mzee, usiniharibie."

"Hao wamelewa?" Sponji akauliza.

Niliruka chini nikamkumbatia Mama mpaka akalalamika kwamba namvunjia miwani mkobani. Nikazigonga nati kwa nyundo halali, nikataka tulivute gari kwa kamba. Mzee Futi akakataa. Akasema linakwenda vizuri hivyo hivyo.

Basi Sponji akageuza pikapu, akatangulia kuwasafishia njia, mimi nikakaa juu ya kochi la mteja nikiwaelekea. Nao, kwa kuwa walikuwa wanarudi nyuma, walikuwa wananiangalia mimi. Njia nzima nilikuwa naziona sura zao wawili kama niko sebuleni. Nikaona midomo ya Mzee Futi inasogea. Nikaona Mama ameacha kutazama barabara. Gari likayumba. Nikaona Mama anampiga begani, ananyoosha kidole kwangu.

Nyumbani ndipo Mama aliponieleza. Wakati wa kwenda, mzee alikuwa ametazama mbele, anaongea udongo tu. Wakati wa kurudi ilibidi ageuze shingo, na akigeuza shingo anakutana na uso wa Mama, hana pa kujificha. Akamwomba wafunge ndoa. Mama akamjibu, "Tazama njia, tutagonga kochi." Walipofika getini akamwambia sawa.

Dada, mimi nilikuwa upande wako. Tumemcheka yule mzee pamoja. Lakini pale kwenye pikapu, simu haipokelewi, wazo lililonishika ni kwamba kama ndiyo mwisho wake, basi ameondoka akiwa amevaa kilemba kizuri na kuna mtu amepamba gari kwa ajili yake. Baada ya Baba tulimpa Mama kila kitu, isipokuwa mtu wa kukaa naye. Hataki kupanga siku mpaka upate habari hii na kumjibu mwenyewe. Haombi ruhusa, unamjua. Anataka tu uwepo. Tafadhali mpigie, na usifoke.

Habu nimezirudisha pande zake, nikiwa nimekaa ndani ya gari kwanza ili nijue kulia ni wapi. Jana waliondoka tena kwenda bwawani. Kabla ya kupanda, Mama alilizunguka gari, akagusa kila nati, akasukuma sikio la juu kwa kiganja kuelekea nyuma, akanitazama, akasema, "Twende, mzee." Walirudi kabla ya giza, pua mbele, salama.

Msalimie sana Shemeji, wapwa zangu wote, Shangazi wa kwenu huko na binamu yetu wa saluni. Waambie fundi wa familia bado yuko kazini. Mungu akulinde katika kila njia unayopita, na ailainishe sauti yako siku utakayopiga simu.

Mdogo wako anayekupenda kwa moyo wote,
Fundi

N.B. Mama ameisoma barua hii. Anasema nimeacha kuandika kwamba nililia juu ya kochi. Lilikuwa vumbi la barabara. Sponji naye lilimwingia machoni, na alikuwa amefunga vioo.